Sauti Iliyomjibu Mokami

Duara la Benedicto, shimo lake la dhahabu, halikuwa na mtu siku ile, ndiyo maana Mokami Simioni alipoinama juu ya mdomo wake na kuuliza kwa sauti, "Kuna mtu huko chini?" wachimbaji waliokaa kivulini walicheka. Walijua anaigiza kwa ajili ya kamera. Lakini Mokami hakucheka. Kutoka chini kabisa, ambako hata jua la saa sita halifiki, mwanamume alimjibu kwa Kikurya, taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nipo."

Mokami aliruka nyuma. "Mmemsikia?"

Wakatazamana. Deus, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alichimba hapo hapo, alimshika mkono. "Dada, toka hapo. Hakuna aliyeshuka leo. Na sisi huku hatuiti mtu duarani saa za jua kali."

Mwaka ule rashi, mbio za kukimbilia dhahabu, ilikuwa imepamba moto Nyakunguru. Mashamba ya mihogo yalitobolewa kama kichuguu, na watu walimiminika kutoka kila upande, hata wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mokami, aliyezaliwa hapo, alikuwa msomaji wa habari za alfajiri katika kituo kimoja cha runinga Mwanza, zile habari ambazo hutazamwa na walinzi tu. Alitumwa nyumbani kwa sababu anajua lugha. Aliporudi Mwanza na kusikiliza kanda, jibu lile halikuwemo.

Lilikuwa sikioni mwake. Msomaji wa habari huvaa kidude kidogo sikioni, ambacho mhariri hukitumia kumpa maelekezo. Asubuhi moja, katikati ya habari za pamba, studio ilinuka udongo mbichi, na badala ya Method, mhariri wake, sauti ya duarani ikasema, "Basi limepinduka Natta." Mokami akalisoma kabla hajajua kwamba amelisoma.

"Umelitoa wapi hilo?" Method alifoka baadaye. Kabla hajajibiwa, simu ikalia. Ni kweli, basi limepinduka Natta.

Likafuata daraja lililosombwa, ghala lililoungua, nyumba iliyopigwa radi Machochwe. Kila mara Mokami alikuwa wa kwanza. Method hakuuliza tena. Alimtoa kwenye habari za alfajiri akamkalisha kwenye taarifa ya saa mbili usiku, na wasichana wa Tarime wakaanza kusuka nywele kama zake. Mokami alimpelekea mama yake runinga, ya kwanza kijijini kwao, na kila jioni ua ulijaa majirani waliokuja kumtazama mtoto wao.

Alijua si mtu. Huwezi kufanya kazi na kitu kinachonuka shimo usijue. Lakini siku sauti ilipokaa kimya alijikuta akiisubiri, kama mke anayemsubiri mume mlevi.

Jioni moja ya masika, dakika chache kabla ya taarifa, harufu ilikuja nzito mno, hata mpambaji wake akaziba pua na kuuliza kama bomba limepasuka.

"Nyakunguru," sauti ilisema. "Duara la Benedicto limetitia. Watu wamo ndani."

Mokami aliidaka simu yake. Deus! Alitafuta namba ya nyumbani, kidole kikatua juu ya kitufe, kisha kikasita. Kituo pinzani kilikuwa na mwandishi Tarime. Akipiga simu, kijiji kizima kitajua, na habari ikishajulikana si yake tena. Akailaza simu kifudifudi. Atapiga akimaliza.

"Watazamaji, habari zilizotufikia hivi punde," alianza, na alipokuwa akisoma alisikia maji yakidondoka mahali pasipo na maji, taa za studio zikafifia moja baada ya nyingine ingawa hakuna aliyezigusa, kioo cha kamera mbele yake kikatanuka na kuwa mdomo mweusi wa shimo, na ndani ya shimo lile kitu kikamwinulia uso, kikitabasamu, huku sauti ikimnong'oneza kwa furaha ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Deus ameisikia. Anakimbia. Anakuja kwangu."

Mokami alikinyofoa kidude sikioni. Sauti haikukoma.

"Deus, usiende!" alipiga kelele mbele ya nchi nzima. "Deus, rudi!"

Deus alikuwa ameshatoka uani. Siku ile homa ilikuwa imemlaza, akashinda nyumbani, na jioni alikaa miguuni pa mama yake kumtazama dada. Aliposikia duara limetitia alichomoka na tochi, miguu mitupu, awatoe wenzake. Vijana wenzake walimkuta ameinama juu ya duara. Lilikuwa zima. Halikuwa limetitia, wala halikuwa na mtu.

"Mura, kijana mwenzetu, twende zetu," walimwambia. "Dada yako amekosea."

"Nyamazeni. Kuna mtu analia huko chini. Hamumsikii?"

Hawakusikia kitu. Deus alishuka. Ndipo ardhi ikajifunga juu yake.

Baada ya mazishi sauti haikuhitaji kidude tena. Ilimkaa Mokami kooni, ikawatajia waombolezaji nani atafuata, mpaka wakaanza kuondoka msibani. Mama yake alikuwa mwanakwaya, hakuwahi kukanyaga kwa mganga. Lakini alimshika binti yake mkono akampeleka Tarime mjini, kwa Sheikh Athumani, fundi cherehani, ambaye hata Wakristo walimwendea kimyakimya kutolewa majini.

Sheikh alifukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu. Kisha akaamuru, "Toka."

"Sikumwita mimi," kitu kilijibu kwa kinywa cha Mokami. "Aliniita yeye. Nitatoka akisema alishika nini mkononi jioni ile."

Sheikh alimgeukia Mokami. "Majini ni waongo, binti. Lakini hapa sijui kama anadanganya. Ulishika nini?"

Mokami alimtazama mama yake.

"Simu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

"Simu gani?" mama aliuliza.

"Niliambiwa kabla sijasoma, mama. Nilikuwa na simu mkononi, niwapigie. Nikaiweka. Nilitaka niwe wa kwanza."

Kitu kizito kilimpanda kifuani, kikampita kooni kama donge la udongo, kikatoka. Mlango ulijibamiza. Harufu ikakatika. Kichwani mwake kukawa kimya, kimya cha zamani ambacho alikuwa amekisahau, na Mokami akaangua kilio kama mtoto, akimnyooshea mama yake mikono.

Mama yake alikuwa ameshasimama. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akaipita mikono ile, akavaa ndala zake mlangoni.

"Asante, sheikhe," alisema bila kugeuka. "Umemponya mtoto wa watu. Mungu akubariki."