Tembe Lisilo na Paa

"Dada, sogea kidogo. Unanizibia nguzo."

Felista aligeuka, tenga la kuku kichwani. Soko la Singida siku hiyo lilikuwa limefurika, ng'ombe wa mnadani wanalia, vumbi limewapaka watu wote rangi moja. Katikati ya zahama hiyo kijana mmoja amekaa juu ya gunia la mtama, karatasi magotini, anachora baraza la duka la Mhindi kana kwamba duniani hana shughuli nyingine. Suruali yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi mpaka mstari umesimama.

"Watu wote hawa wanapita, umeniona mimi tu?"

"Wao wanapita. Wewe umesimama."

"Basi nichore na mimi."

"Nikikuchora, nguzo ataitazama nani?"

Felista akacheka bila kupenda. Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayowaponza wasichana, na yeye hakuwa wa kwanza.

Kijana huyo aliitwa Alute, mtu wa Sepuka. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, naye aliajiriwa na serikali kupima majengo na kuyachora. Lakini tuseme ukweli, nyumba alizipenda kabla hajampenda mwanamke yeyote, na tembe la udongo alilipenda kuliko boma la Mjerumani. Kila mwezi gazeti moja la Dar es Salaam lilitoa hadithi yake ya picha. Familia moja ilichorwa ikitazamwa kutoka juu, paa la tembe limeondolewa, kila chumba kisanduku chake. Baba anafoka hapa, msomaji anaruka ukuta, anamkuta mtoto amejificha kwa mbuzi. Wasiojua kusoma walisomewa, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mhariri alimwahidi kwamba akiendelea hivyo atamwita Dar awe mchoraji wa gazeti.

Wakapendana. Alute akapeleka wazee Unyambwa kwa akina Felista, nao wakapokewa vizuri. Ikabaki kupanga ng'ombe wa mahari.

Sasa, kwa mila ya nyumba ile, mkwe hakanyagi chumba cha ndani cha mama mkwe. Humo mama analala, humo anaweka mtama wake, humo analilia mambo yake. Hata kuchungulia ni mwiko, na aliyechungulia hana mke tena katika nyumba hiyo.

Siku moja walikuwa wamekaa kando ya ziwa, Felista kajifunga kitenge chekundu alichonunuliwa na mchumba wake. Alute akauliza, "Mpenzi, chumbani kwa mama yako kukoje?"

"Wewe una nini na chumba cha mama yangu?"

"Vyumba vyote vya tembe nimevichora ila hicho. Watu wangu wa gazetini hawana mahali pa kulilia."

Felista akamsonya kwa utani, kisha akamwambia. Mama yake, Magdalena, alizika watoto watatu kabla yake. Kila mmoja, kabla hajazikwa, alimbandika kiganja kwenye udongo mbichi ukutani, pale juu ya kitanda.

"Kila asubuhi anavigusa. Baba mwenyewe havitaji."

Alute alimshika mkono. Felista alijiona amependwa kuliko siku zote, na kweli alipendwa, jambo ambalo halikumsaidia chochote baadaye.

Gazeti lililofuata lilipofika, Felista aliwakuta watu wamejazana barazani kwa Mhindi. Jirani yao Luciana, aliyewahi kumuuguza Magdalena chumbani humo, alikuwa ameweka kidole kwenye picha. Mama amekaa kitandani peke yake, na ukutani viganja vitatu vidogo.

"Hiki si chumba cha Magdalena?"

"Mkwe aliingia lini?"

"Muulizeni huyo hapo aliyemwingiza."

Felista alirudi nyumbani mbio, lakini habari ilikuwa imeshatangulia. Baba yake, mzee Leonidas, alikuwa amesimama mlangoni.

"Posa imekufa," alisema. "Mwanamume aliyeingia kwa mama yako hawezi kukuoa."

"Hajaingia, baba. Mimi ndiye niliyemsimulia."

Magdalena, aliyekuwa amekaa chini akiliangalia gazeti asiloweza kulisoma, aliinua uso. "Afadhali ungemwingiza," alisema. "Kule ndani kuna giza, asingeona kitu."

Kesho yake Felista alimfuata Alute kazini.

"Nilidhani ninamheshimu," Alute alisema. "Wasomaji wamelia, Felista. Mhariri ameniita Dar."

"Uliniomba ruhusa?"

"Ningekuomba, ungekubali?"

"Ningekataa. Ndiyo maana hukuniomba."

Alute alikunja karatasi zake. Alikwenda Unyambwa kuomba radhi, akashinda uani juani, Magdalena asitoke. Akapanda basi akaenda zake Dar es Salaam.

Masika yalipokwisha alimtumia Felista salamu kwa dereva wa lori: Jumamosi asubuhi awe dukani kwa Mhindi, kwenye simu. Felista alivaa kile kitenge chekundu, akajilaumu njia nzima kwa kukivaa.

"Sema kwa nguvu, mpenzi, sikusikii."

"Nasema kwa nguvu. Duka zima linanisikia."

"Nimepata chumba Ilala. Njoo, tufunge ndoa huku."

"Mama halali tena chumbani mwake. Analala jikoni. Wanawake wakija kumsalimia wanataka waonyeshwe ukuta."

Simu ilikoroma kidogo.

"Nitaacha kuchora."

"Ukiacha utanichukia. Usiache."

"Bado unanipenda?"

"Nakupenda. Natamani mapenzi haya yaniishe."

"Basi njoo."

"Mama akinipa ruhusa, nitakuja. Bila hiyo siwezi, Alute."

"Mpelekee shikamoo yangu. Akiitikia tu, panda basi."

Felista alitembea hadi Unyambwa akiwa na matumaini, Mungu amsamehe. Alimkuta mama yake uani anachambua mlenda.

"Mama, Alute anakuamkia. Amesema shikamoo."

Kule kwao shikamoo ya mwizi hujibiwa, hata ya mtu mnayeshtakiana naye kwenye baraza la wazee. Felista alisimama akisubiri. Magdalena alichambua majani, akatupa mabua, akachambua tena, mpaka ungo ukajaa. Kisha akainuka kwenda kukoka moto.

"Lete maji," alisema.

Felista akachukua mtungi akaenda kisimani.