Pete ya Mama Nasieku

Mfumavipuri, mashine ya kufuma vipuri vya magari, ilikuwa inaimba. Ndani ya kioo chake, kirefu kuliko mtu, nyuzi za metali nyembamba kuliko unywele zilishuka, zikapishana, zikashikana, na pale ambapo hapakuwa na kitu bawaba ya mlango ikaanza kujitokeza, inang'aa, ingali na joto. Zaituni Chilongani aliiona kazi hiyo kila siku, na bado kila mara alijikuta amesimama kuitazama mdomo wazi.

"Funga mdomo, Bosi Mara Mbili, nzi ataingia," alisema Lusajo, fundi mwenzake wa siku nyingi.

Jina hilo alilipata asubuhi ileile. Tangu kampuni yao ya kuuza magari ifunguliwe pale Dodoma, idara ya huduma ilikuwa na mkuu wake na idara ya vipuri mkuu wake. Sasa zote mbili alikabidhiwa Zaituni, na shingoni alivaa tepe mbili: ya bluu kwa huduma, ya kijani kwa vipuri.

Alikuwa bado anazinyoosha ziwe sawa aliposikia sauti ambayo karakana ile haikuwa imeisikia kwa miaka. Kitu kilikuwa kinakwaruza sakafu. Mikono-fundi iliyoning'inia darini ilisimama yenyewe, kana kwamba nayo imeshangaa. Langoni lilikuwa linaingia gari lililopakwa tope jekundu hadi kwenye vioo, likiburuta tumbo, na nyuma yake mama mmoja mnene mwenye shanga shingoni alikuwa analisukuma.

"Hodi wenye kazi! Mnanitazama tu? Sukumeni!"

Walisukuma. Zaituni akamwamkia mama huyo. "Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mama Nasieku, mkunga, natoka Kiteto. Nilikuja kuchukua vifaa vya upasuaji. Hata nje ya mji sijafika, gari limelala kifudifudi."

Lusajo aliinama akachungulia, kisha akapiga mluzi. "Toleo la kwanza! Nilidhani haya yamebaki kwenye picha."

Magari ya Dodoma ya wakati huo hayakugusa ardhi. Chini ya lami zilizikwa sumaku, na magari yalielea juu yake kimyakimya. Lakini barabara-sumaku ilipoishia, nayo yaliishia hapo. Gari la Mama Nasieku lilitengenezwa kabla ya barabara hizo. Lilibeba sumaku yake lenyewe, pete pana kama sinia la pilau, iliyoweza kulinyanyua juu ya tope, mchanga na makorongo. Sasa pete hiyo ilikuwa na ufa, na nguvu iliyobaki ilitosha tu kulipunguzia gari uzito.

"Kuna binti yuko zahanati kwetu," alisema Mama Nasieku, na sauti yake ikashuka. "Mtoto amelala vibaya tumboni. Ndege-posta zinapeleka dawa, lakini hazinibebi mimi na mwili huu. Gari la wagonjwa linaishia barabara inapoishia. Jua likizama sijafika, nitawakuta wanalia."

"Usijali, mama," alisema Zaituni. "Saa nane mchana utaondoka na gari lako."

Maneno yalitoka yenyewe. Ndivyo walivyofanya kazi pale miaka yote: huduma waliahidi, vipuri waliomba radhi. Kitu kikikosekana, mteja alionyeshwa dirisha la pili, na dirisha la pili wakamwambia huduma hawakuagiza mapema. Mteja alikwenda na kurudi kama mpira wa tenisi, na kila upande ukabaki na mikono safi.

Zaituni akaigeukia mfumavipuri. "Naomba pete ya kuelea, toleo la kwanza."

"Ramani ya kipuri hicho imefutwa na makao makuu," ilijibu sauti tulivu ya mashine. "Wateja wake ni wachache."

"Pole sana, mama. Vipuri wanasema..."

Lusajo aliutazama utepe wa kijani, akakohoa.

"Huyo Vipuri ni nani?" aliuliza Mama Nasieku, akikunja mikono ya gauni. "Nionyesheni dirisha lake nikaongee naye."

Zaituni alihisi uso unamchoma. "Ni mimi, mama."

Hapakuwa na dirisha la pili.

Njia moja ilikuwepo. Mfumavipuri iliweza kukisoma kitu kisicho na ramani: ilikiyeyusha uzi kwa uzi, ikikumbuka kila mmoja ulipokaa, kisha ikakifuma upya kwa uzi mwingine, bila ufa. Lakini pete ilitaka uzi-baridi, metali ambayo umeme hupita ndani yake bila kuchoka. Stoo ilikuwa na rola moja tu ya uzi huo, nayo ilitunzwa kwa ajili ya saa tisa, Mkurugenzi Shelukindo atakapowaonyesha wageni wake mashine ikifuma moyo wa gari jipya.

"Ukiugusa uzi ule," Lusajo alinong'ona, "kesho utakuwa bosi wa kufungua geti."

"Uweke."

"Zaituni, sifanyi utani sasa."

"Hata mimi. Uweke."

Pete iliyopasuka ikaingia ndani ya kioo na kuanza kuyeyuka kuwa mvuke. Mama Nasieku alijishika kifua. Kwa muda mrefu ndani hapakuwa na kitu ila mwanga, na katika mwanga huo mashine ilikuwa inakumbuka. Kisha wimbo wake ukabadilika, ukawa mzito, na nyuzi za rangi ya mwezi zikaanza kushuka. Ziliizunguka nafasi tupu kwa upole, kama mtu anayesuka nywele za mwanawe. Mafundi waliacha zana, wakasogea.

"Mungu wangu," alisema Mama Nasieku. "Hivi kumbe mtu ndiye aliyewaza hiki?"

Hapo ndipo Mkurugenzi Shelukindo alipoingia na wageni wake, mapema kuliko saa iliyopangwa. Wageni wakasimama, wakaanza kupiga makofi. Mkurugenzi akatabasamu.

"Mmenitangulia! Bi Zaituni, waeleze wageni. Huu ndio moyo wa gari jipya?"

Ilitosha kusema ndiyo. Hata Lusajo alimkonyeza.

"Hapana, Mkurugenzi. Ni pete ya toleo la kwanza, ya gari la mama huyu. Uzi wote umo humo."

Tabasamu likafutika. Mkurugenzi alimsogeza Zaituni pembeni. "Asubuhi nakupa idara mbili, mchana unaniaibisha mbele ya watu? Simamisha. Rudisha uzi."

"Nikisimamisha, pete imepotea. Ile ya zamani imeshayeyuka. Na nimemwahidi saa nane."

"Basi vipuri nitampa mtu mwingine. Lete huo utepe."

Zaituni aliushika utepe wa kijani. Aliupenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mkono wake wa pili ulibaki juu ya kioo, pale penye mtetemo.

"Utaupata, Mkurugenzi. Lakini saa nane bado, na mpaka hapo vipuri ni mimi."

Mfumavipuri ikanyamaza. Mikono-fundi ikaipokea pete, ikaiingiza tumboni mwa gari. Tope likadondoka sakafuni, gari likatikisika, likainuka. Wageni wakarudi nyuma. Mama Nasieku alicheka, akalia, akamkumbatia Zaituni hadi shanga zikamwachia alama shavuni.

"Akiwa wa kike," alisema, "nitawaambia wampe jina lako."

Saa ya ukutani iligonga saa nane gari lilipotoka langoni. Zaituni akauvua utepe, akauweka mkononi mwa Mkurugenzi, kisha akapanda ngazi hadi juu ya paa.

Kutoka pale barabara-sumaku ilionekana yote, nyeupe, iliyonyooka, hadi ilipokatika ghafla katika nchi nyekundu. Magari yote yalifika pale, yakapunguza mwendo, yakageuza. Moja, chafu, halikupunguza. Lilivuka ukingo, vumbi likanyanyuka chini yake, nalo likaendelea kwenda.