Aliyekuwa Chini ya Gogo

Abasi alikuwa amesimama juu ya gogo la mninga, anapandisha na kushusha msumeno, alipomwona mwenzake Masele anatokea njia ya kisimani, ndoo begani, anapiga mluzi. Akaendelea kupasua kidogo kabla akili haijamfikia. Masele ndiye mtu wa chini. Kama Masele yuko njiani na ndoo, nani anavuta msumeno kutoka shimoni?

Wapasuaji wa mbao hufanya kazi wawili wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja hupanda juu yake, mwingine huingia chini, na msumeno mrefu wenye mpini huku na huku hupita katikati yao. Wa juu hamwoni wa chini. Kwa hiyo wana desturi: wa chini akishashika mpini hutaja jina lake, na wa juu havuti mpaka alisikie. Abasi aliyajua hayo tangu ndevu hazijamwota. Lakini ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wametolewa mashambani kwao wakamwagwa msituni ng'ambo ya Ipuli waitwe kijiji cha Ujamaa, na mwenyekiti wao, Kashindye, alitaka milango ya zahanati kabla wakubwa hawajaja kuikagua. Zahanati yenyewe haikuwa na dawa hata ya kichwa. Milango ndiyo iliyotakiwa. Basi asubuhi hiyo Abasi, na haraka zake, alisikia unga wa mbao unachakarishwa shimoni, akadhani Masele yuko tayari. Akasema, "Shika basi, uliye huko chini."

Akashikiwa.

Masele alitua ndoo, akasimama mbali. "Kaka," akasema polepole, "nani anakuvutia?"

Abasi aliachia mpini. Msumeno ukashuka wenyewe, ukapanda, ukashuka, kisha ukatulia kama mtu anayengoja.

Masele hakuwa mtu wa maneno mengi ila ya utani, na siku hiyo utani ulimkauka. Alimkumbusha Abasi kwamba tangu mwanzo alimkataza kuchimba pale, maana ndipo ilipopita njia ya misafara ya zamani, na wapagazi walioanguka waliachwa hapo hapo, mzigo ukapewa mwingine. Mahali kama hapo hapakosi mwenyewe. Akamwambia amshukuru huyo aliye chini, amwambie kazi imekwisha, wafukie shimo waondoke.

Abasi aliinama akautazama mpasuo. Ulikuwa umenyooka kama uzi, na asubuhi moja tu umefika mbali kuliko wao wawili walivyowahi kufika kwa siku nzima.

"Kesho nitamwambia," akasema.

Masele akakunja blanketi lake akaenda kupanda treni ya Bukene. Mtu mwenye akili.

Tangu hapo Abasi alipasua peke yake, na mbao zikarundikana. Kashindye alimsimamisha mkutanoni akamsifu kuwa mfano wa kujitegemea, watu wakapiga makofi. Abasi naye akasimama pale, kidevu juu, akazipokea sifa zisizo zake.

Wa kwanza kuona mambo hayaendi sawa nyumbani alikuwa Batuli, mkewe. Nyumba ilianza kunuka utomvu wa mninga, ule mwekundu unaotoka kama damu gome likichanjwa. Akamfukuza mume akaoge nje. Akaoga, harufu ikabaki. Kisha ukaonekana unga wa mbao ndani ya unga wa mahindi, ndani ya mtungi uliofunikwa, ndani ya nywele za mtoto wao Maua, aliyekuwa bado ananyonya. Batuli alimtukana Abasi matusi yote aliyoyajua, na aliyajua mengi. Abasi alikuwa amekonda, na mezani alikuwa akimega tonge halafu anasubiri, kana kwamba kuna mwingine wa kunawa.

Mchana mmoja, jua la utosi, kijiji kimya, Batuli alijilaza na Maua ubavuni, akasikia chini ya kitanda kitu kinavuta pumzi ndefu, kisha kinaiachia, kisha kinavuta tena, akadhani ni mbwa amejipenyeza kufuata kivuli, ila kila pumzi ilikuja na mkwaruzo, na kila mkwaruzo ulitikisa ubao wa kitanda chini ya uti wake wa mgongo, taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye kazi yake na siku nzima ya kuifanya, na alipotaka kuinuka miguu haikumtii, akabaki amemkumbatia mtoto, anahesabu meno ya msumeno kwa mgongo wake mpaka kivuli kilipohama mlangoni na kelele ikakoma. Alipochungulia chini hapakuwa na mbwa. Palikuwa na kichuguu kidogo cha unga wa mbao.

Akamvua mtoto nguo. Mstari mweusi ulishuka kutoka katikati ya paji la uso, ukapita puani, kifuani, kitovuni. Ulikuwa umenyooka kabisa. Batuli alikuwa mke wa mpasuaji, alijua mstari ule: ndio wanaoupiga kwa kamba yenye masizi juu ya gogo, kuonyesha msumeno upite wapi. Alisugua kwa maji, kwa sabuni, kwa mchanga. Mtoto alilia, mstari haukutoka.

Alimfunga mgongoni akatembea mpaka mjini, Mtendeni, kwa Mwalimu Yahaya, aliyekuwa akisomea watu na kutoa majini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mpakate nimwone." Mzee alimtazama mtoto, hakumgusa. "Mume wako kampa nani kazi?"

Batuli akamweleza. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo aliitwa shimoni na hakuagwa, sasa anajikatia ujira wake mwenyewe. Aliyemwita lazima ampandishe. Abasi aingie chini, huyo wa shimoni aachiwe nafasi ya juu, amalize gogo penye hewa aende zake. Wala mtu asimtazame.

Walikwenda baada ya adhuhuri. Abasi alimbusu mtoto, akashuka ngazi. Mwalimu na Batuli wakageuka, wakatazama msitu. Mwalimu akaanza kusoma. Nyuma yao gogo liliguna kama limepandwa na mzito, msumeno ukaanza, na harufu ya utomvu ikawajaa kooni, na ukaenda, ukaenda, Maua akilia mgongoni mpaka akaishiwa sauti, kisha gogo likapasuka, vipande vikaanguka shimoni kwa kishindo, ngazi ikalia, hatua zikaja.

"Tayari," ilikuwa sauti ya Abasi. "Fukieni."

Wakageuka. Alikuwa amesimama mwekundu kwa unga wa mbao, mpaka kwenye kope. Mwalimu alimpa Batuli jembe naye akashika sepeto, wakaanza kumimina udongo juu ya vile vipande. Abasi alimfungua Maua kutoka mgongoni kwa mama yake ili afanye kazi vizuri, akampakata. Mstari usoni mwa mtoto ulikuwa umefutika. Batuli alipouona uso ule safi, machozi yalimtoka akiwa anachota.

Udongo ulipokaribia kuvifunika vipande, sauti ikatoka chini yake, imezibwa na unga, inakohoa.

"Mama Maua. Mama Maua, nipe mkono."

Batuli akasimama. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amesikia, maana sepeto lilikwama hewani, lakini aliinamisha macho akaendelea kusoma, kwa haraka zaidi.

Yule aliyekuwa juu hakubadilika uso. Alikuwa akiupangusa unga wa mbao kwenye nywele za mtoto kwa kidole kimoja, kisha akakishusha taratibu kutoka paji la uso kwenda chini, pale pale ulipokuwa mstari.

"Endelea, Batuli," akasema kwa upole. Tangu azae, mumewe hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Bado kidogo tu."

Maua alikuwa ameacha kulia. Aliegemeza kichwa kwenye bega lile.

Batuli akainama, akachota udongo.