Mawaridi Tisa ya Geti la Kijani

Mimi nauza maua. Nimeyauza miaka kumi na minne, na nitakuambia jambo ambalo sisi wauza maua hatupendi lijulikane: shada likirudi halitupwi. Linafumuliwa. Mpokeaji kahama, au kakataa kulipokea kwa sababu kosa la mumewe ni kubwa kuliko maua, basi shada linarudi dukani, tunakata vikonyo upya, tunayatumbukiza kwenye ndoo, na kesho yake yale yale yanampongeza mhitimu au kumpoza mgonjwa. Maua hayana kumbukumbu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Yule mama aliingia Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro jioni, nikiwa nafagia majani. Mtu wa makamo, nadhifu, mkoba begani, ungemdhania mwalimu mkuu. Kilichonishtua ni harufu yake. Alinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Alitaka mawaridi meupe tisa. Aliyachagua mwenyewe, moja moja, na kila moja alilisogeza mdomoni kabla ya kunipa. Nilidhani ananusa, mpaka nilipoona midomo inacheza. Alipomaliza akatoa uzi mweusi mkobani, akavifunga vikonyo kwa mkono wake, ndipo akaniruhusu niweke karatasi na utepe. Nikamuuliza ni ya shughuli gani, maana kadi za siku ya kuzaliwa zina rafu yake na za pole zina yake. Akasema kadi yoyote, niandike jina tu.

"Ni mtu ninayempenda sana," alisema. "Mkabidhi mkononi. Muulize kama ndiye. Akiitika ndipo umpe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo sheria ya duka langu. Hatumwachii jirani, hatuweki mlangoni. Tunauliza, "Wewe ndiye fulani?" Akisema ndiye, anapokea. Dereva wangu wa kwanza nilimfukuza kwa sababu hiyo hiyo, alimpa mke mkubwa maua ya mke mdogo, na nyumba nzima ikahamia dukani kwangu kugombana. Nilimsimulia hayo nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Kwa nini usimpelekee mwenyewe, kama unampenda hivyo?" nikamtania.

"Mimi sifunguliwi pale."

Akanielekeza nyumba, akaniachia namba yake ya simu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Usipomkuta nirudishie. Yasilale hapa."

Dereva alikuwa ameshaondoka, na nyumba yenyewe ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka dukani, hivyo nikafunga na kwenda kwa miguu. Lilikuwa geti la kijani, rangi imebanduka chini. Nikagonga. Nikagonga tena... Ndani hakukuwa na taa wala kikohozi. Nikiwa nimesimama pale nikasikia karatasi ya shada ikichakarika mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi kwa ncha za vidole.

Hakukuwa na upepo.

Nikapiga ile namba. Haipatikani. Nikapiga mara tatu njiani, haipatikani. Basi nikafungua duka, nikayaweka ndooni, nikaenda zangu nyumbani kulala. Ungefanya nini wewe?

Jumanne usiku mdogo wangu akajifungua mtoto wa kike. Ni mdogo wangu wa pekee, mama yetu alituachia mimi na yeye tu, na mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Nililia kwenye simu mpaka shemeji akadhani nimepata habari nyingine. Kilichonisumbua ni kwamba wiki ile ilikuwa ya mahafali. Wazazi walikuwa wamezimaliza ndoo zote, na dukani yalibaki yale tisa tu. Kinyozi hajinyoi. Wageni niliwapa maua mapya, damu yangu nikampa yaliyorudi.

Nikayafumua. Uzi mweusi niliukata kwa mkasi nikautupa pipani, nikachanganya na majani mabichi, nikafunga utepe wa waridi mpauko. Jumatano shemeji alipomrudisha mzazi nyumbani, mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nikajitia kusimama wima kama dereva wangu, uso umekazwa.

"Wewe ndiye mama mtoto?"

"Ndiye mimi," akasema, anacheka huku ameshika tumbo. Akayapokea kwa mikono miwili.

Utani huo naujutia mpaka leo.

Ijumaa nilifunga duka mapema nikaenda kumsaidia, kwa kuwa shemeji alikuwa zamu ya jioni. Nilimkuta amelala chali. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Daktari alikuwa ameshamwona mchana, akasema anywe maji. Alikuwa anakunywa. Kando ya kitanda kulikuwa na chupa tano tupu. Maziwa yalikuwa yamekatika tangu jana, na mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka.

Nikatazama maua.

Najua waridi. Siku ya kwanza limefumba, ya tatu linafunguka, ya tano linaanza kuinama. Yale yalikuwa yameumuka, makubwa kama viganja, meupe mpaka yanaumiza macho. Na jagi lilikuwa kavu. Nikamuuliza mdogo wangu ni lini yalitiwa maji mara ya mwisho.

"Mchana huu," akanong'ona. "Kila nikitia, yanamaliza."

Nikajaza jagi hadi ukingoni, nikaketi. Maji yakaanza kushuka. Sikuhitaji kukaza macho, yalishuka mbele yangu kidole kwa kidole. Kitandani, mdogo wangu alianza kuramba midomo.

Nilitaka kuyang'oa pale pale. Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama karatasi.

"Dada... Kuna mtu anakuja."

"Nani?"

"Simwoni vizuri. Taa zikishawashwa tu, anakaa hapo miguuni. Ananuka mshumaa. Ananiuliza swali moja tu, usiku mzima."

"Anakuuliza nini?"

"Wewe ndiye?"

Nikamuuliza alijibu nini. Akasema hajajibu, anaogopa. Kisha akafumba macho, na alilosema baadaye ndilo lililonitoa pale.

"Leo nitamwambia ndiye. Nimechoka, dada. Nataka anyamaze nilale."

Nikamwapisha. Nikamwambia kwa jina la mama yetu asifungue mdomo, auume mto, amwimbie mtoto, afanye lolote ila asiitike. Nikayanyakua maua kutoka jagini. Vikonyo vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi mweusi.

Ule nilioukata kwa mkasi wangu.

Nilikuwa naelekea jalalani simu ilipoita. Ilikuwa ile namba isiyopatikana.

"Umenifumulia mzigo wangu," sauti ikasema, bila hasira.

Nikaanza kutukana. Nina mdomo, kila anayenijua anajua, na nilimtukana yule mama matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Alinisubiri mpaka nikaishiwa.

"Ukiyatupa, yanabaki ya aliyeyapokea," akasema. "Jina lake si lenyewe, ndiyo maana anaulizwa. Akiitika, yatosha. Taa hazijawashwa bado. Yapeleke yanakokwenda."

"Na huyo mwenye jina? Amekukosea nini?"

Akaongea polepole, kama anayemfundisha mtoto kazi.

"Watu huwatumia maua wanaowapenda. Wewe hujawahi kuwauliza kwa nini. Mjumbe hauawi, mwanangu."

Nikakimbia. Nina mwili mzito na magoti mabovu, lakini nilikimbia. Njiani nilivuta karatasi ya zawadi kutoka mkobani nikayafunga hivyo hivyo, shaghalabaghala, ile kadi yenye jina, iliyokuwa bado mkobani, nikaichomeka. Upande wa pili wa barabara kinyozi aliwasha taa yake. Halafu duka la dawa. Karatasi ilikuwa ikichakarika kifuani kwangu mfululizo sasa, na ile harufu ilinijaa kooni.

Geti la kijani. Nikagonga kwa ngumi.

Safari hii lilifunguliwa upesi. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, futi ya kupimia imening'inia shingoni, nyuzi zimemganda magotini. Fundi cherehani. Nyuma yake mashine ilikuwa imewashwa taa, na juu yake gauni dogo la shule lilikuwa limeshonwa nusu. Alinitazama, akatazama maua, kisha akatazama nyuma yake, kama vile kuna mtu mwingine anayestahili.

"Kwangu?" akasema. "Una hakika? Mimi sijawahi kuletewa maua."

Akageuka akamwita mama yake aje kuona. Nilipomwambia nilikuja Jumatatu nisimkute, akaniomba radhi, kwamba alikuwa amempeleka mama kutibiwa macho wakachelewa kurudi. Mama mtu mzima akatoka akipapasa ukuta, jicho moja limezibwa kwa pamba, akasimama nyuma ya mwanawe anatabasamu. Wawili tu, kama mimi na mdogo wangu.

Nilikuwa na maneno mdomoni. *Usiyapokee, dada yangu. Funga geti.* Maneno machache tu, na yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

Simu ikaanza kuita mfukoni. Nilijua ni mdogo wangu. Nilijua taa za chumba kile zimeshawashwa, na nani amekaa miguuni pa kitanda.

"Wewe ndiye..." nikaanza. Nikataja jina lililo kwenye kadi.

"Ndiye mimi."

Nikampa.

Karatasi ilinyamaza. Ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Binti akaingiza uso kwenye maua, akavuta pumzi, akasema yananukia vizuri sana.

Sikusubiri asante. Nilipofika pembeni mwa ukuta nikapokea simu. Mdogo wangu alikuwa analia. Alisema, "Dada, kaondoka. Alikuwa hapa akanyanyuka akaondoka. Maziwa yametoka, yamelowesha shuka." Nikamsikia mtoto akinyonya, akimeza, akihema kwa pupa. Niliketi chini pale pale kando ya mtaro nikacheka kwa furaha. Ningeweza kukudanganya kwamba nilimhurumia yule binti. Usiku ule sikumkumbuka hata mara moja. Nilimkumbuka kesho yake asubuhi, nilipofungua duka na kukuta ile ndoo tupu, na tangu hapo sikumsahau. Mara mbili nilitoka kwenda kumwonya. Mara zote mbili nilifika nusu ya njia, nikamfikiria mtoto, nikarudi.

Wiki mbili zikapita. Mdogo wangu alinenepa, mtoto akawa na mashavu. Akaniuliza yale maua mazuri niliyapeleka wapi, nikamwambia yalinyauka.

Jana jioni mama yake fundi akaja dukani.

Alikuwa peke yake, amevaa nguo nyeusi iliyoshonwa vizuri. Pamba imetolewa jichoni. Nilimjua kabla hajasema kitu, nikajishughulisha na utepe. Alitaka shada la mazishi, kubwa, atalichukua asubuhi saa tatu. Nikampa pole. Nikamuuliza marehemu aliugua nini, na sauti yangu ilitoka vizuri tu, nilijishangaa.

"Kiu," akasema. "Alikunywa maji mpaka akafa na kiu."

Nikashika kaunta.

Aliniambia amekuja kwangu makusudi, maduka yapo mengi. Alitaka mawaridi meupe kama yale niliyompelekea mwanawe, kwa kuwa yalikuwa furaha yake ya mwisho. Watu wote waliokuja kupima nguo walionyeshwa. Alitaka pia kujua aliyeyatuma, ili amshukuru. Nikamjibu kwamba simjui, na hilo ni kweli, namba ile haijapatikana tena.

"Lakini maua yenu ni ya ajabu," akaendelea. "Bado mabichi kama siku ile. Nilishindwa kuyatupa. Nimeyaweka chumbani kwangu, karibu na kitanda."

Nikamtazama midomo. Ilikuwa imeanza kupasuka kwenye pembe.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza siku kumi na nne na nilishaanza kuzoea. Lakini alikuwa amesimama pale ameshika mkoba kwa mikono miwili, mwanamke asiyebakiwa na mtu, akanikumbusha mama yetu, na moyo ukanishinda.

"Mama," nikasema taratibu, "jioni, taa zikiwashwa... akija mtu akakuuliza kama wewe ndiye, usimwitikie."

Hakushtuka. Hakuniuliza ni mtu gani. Alinitazama kwa lile jicho lake jipya, muda mrefu, mpaka nikainamisha kichwa.

"Kumbe ulijua," akasema.

Akatoka. Nilikaa mpaka nikamaliza shada lake, waridi kwa waridi, kwa maua mapya kabisa, na sikuacha kosa hata moja. Leo nimefungua duka saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni saa nane mchana, na hakuna aliyekuja kulichukua.