Nimia na Tezi Iliyomkimbiza

Nyumbani kwetu tunaoka chipa, mikate midogo ya jibini. Mkwe wangu Eligio huwasha tanuri la udongo. Mimi hukanda wanga wa muhogo, jibini na mayai. Binti yangu Nimia hubeba kikapu kichwani na kwenda kuuza kwenye mabasi yanayosimama njia panda. Sauti yake inajulikana mji mzima. "Chipa! Chipa ya moto!" Madereva wakiisikia tu, hufungua mlango.

Mwaka ule, sauti hiyo ilianza kutuchoma sisi wenyewe.

"Nani kaweka kikapu njiani?" Nimia alifoka siku moja, amerudi adhuhuri.

"Ni wewe," Eligio alisema.

"Mimi? Kwa hiyo mimi kichaa, sivyo? Sema! Sema mbele ya mama!"

"Sijasema kichaa."

"Umefikiri!"

Alikipiga kikapu teke. Chipa zilizobaki zikatawanyika uani. Kuku wakafurahi sana.

Eligio alinigeukia. "Mama, mke wangu yuko wapi? Huyu simjui. Mimi narudi kwetu. Nimechoka kutukanwa kila siku."

Alisema hivyo akiwa amechutama. Alikuwa anaokota chipa moja moja na kuzipangusa mchanga. Nikajua haendi popote.

Lakini nilimwogopea binti yangu. Alikuwa anakula sahani mbili na bado anakonda. Sketi yake aliifunga kwa kamba. Alitoka jasho hata upepo wa baridi ulipovuma kutoka kusini. Mikono ilimtetemeka mpaka chenji ikawa inamdondoka mbele ya abiria. Usiku hakulala, hata mtoto wao akiwa amelala fofofo. Na mbele ya shingo yake palikuwa na uvimbe mdogo.

Ugonjwa wenyewe tulikuwa tunaujua. Daktari Wilma wa kituo cha afya alishampima damu. Alisema tezi yake ya shingo, inayoitwa thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Akampa vidonge. Nimia akapona, akanenepa, akawa anaimba tena jikoni.

Ndipo mama mkwe wake, Obdulia, alipomwambia, "Mwanangu, umependeza! Sasa dawa za nini? Mtu asiyeumwa hamezi dawa."

Nimia akaona ni kweli. Akaacha vidonge, wala hakumwambia mtu; sisi tulidhani bado anavimeza.

Siku mbili baada ya ugomvi ule wa kikapu, miguu ilimwishia nguvu njia panda. Aliketi kando ya barabara, anahema. Eligio alimpakia kwenye pikipiki, na mimi nikafuata kwa miguu.

Nilimkuta daktari Wilma amemwekea kipimo kifuani. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Vidonge vyako viko wapi?"

"Niliacha. Nilikuwa mzima."

"Uliacha?" Daktari alipiga meza. "Nilikuambia nini? Uliketi kwenye kiti hikihiki ukaniahidi!"

"Usinipigie kelele!"

"Nitapiga! Moyo wako unakimbia na kuruka mapigo. Ukiuacha hivi, moyo utachoka. Ukichoka, hakuna kikapu, hakuna mume, hakuna mtoto. Unanielewa?"

"Ninaelewa! Kelele za nini sasa?"

Wote wawili walikuwa wanapiga kelele. Lakini daktari hakuuachia mkono wa Nimia. Kwa mkono wake mwingine alivuta feni, akaielekeza kwa mgonjwa. Yeye mwenyewe akabaki anatoka jasho.

Nimia alipelekwa hospitali. Huko walimpa dawa ya kutuliza moyo, wakamrudishia vidonge vya tezi. Alipopata nguvu, daktari Wilma alituita sote watatu kituoni.

"Safari hii tutaongea vizuri," alisema. "Tezi hii hutengeneza homoni. Homoni ndizo zinazouambia mwili uende kwa kasi gani. Ya Nimia inatengeneza nyingi mno. Kwa hiyo moyo unakimbia, mwili unakonda, mikono inatetemeka."

"Na hasira?" Eligio aliuliza.

"Hasira pia. Si zote. Lakini nyingi."

Eligio akainamisha kichwa.

"Umesikia?" Nimia alimrukia. "Umesikia, wewe uliyetaka kurudi kwa mama yako?"

"Nimesikia."

"Basi niombe radhi!"

"Nisamehe."

"Sikusikii!"

"Nisamehe!" Eligio alipaza sauti. Muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Daktari alingoja watulie. "Kuna njia tatu. Ya kwanza ni vidonge ulivyoacha. Vinaizuia tezi isitengeneze homoni nyingi. Vinamezwa kwa mwaka mmoja au zaidi, huku tunapima damu mara kwa mara. Wengine hupona kabisa. Wengine wakimaliza, ugonjwa hurudi. Mara chache huharibu chembe nyeupe za damu au ini. Kwa hiyo ukiwa unavimeza, ukapata homa au koo likauma, usingoje. Acha vidonge, njoo upimwe damu siku hiyohiyo. Ukiona macho yako ya njano, njoo vilevile."

"Na hii ya moyo?" niliuliza.

"Hiyo inatuliza tu, bibi. Haiponyi tezi."

"Ya pili?"

"Upasuaji. Tezi inatolewa. Unafaa hasa kama uvimbe ni mkubwa, au dawa nyingine hazimfai mgonjwa. Karibu na tezi kuna mishipa ya sauti. Mpasuaji mzoefu huilinda, lakini mara chache huumia."

Nimia alijishika koo. "Sauti ndiyo kazi yangu. Sitaki kisu."

"Ni haki yako. Ya tatu ni kumeza madini joto yenye mionzi."

Eligio alisimama, kiti kikaanguka. "Mionzi? Unataka kumlipua mke wangu?"

"Keti, baba! Madini joto ni yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi. Tezi inayapenda. Haya yana mionzi kidogo. Tezi ikiyanywa, mionzi inaidhoofisha polepole, kwa wiki na miezi. Yanayobaki hutoka kwa mkojo. Dawa hii imetumika miaka mingi."

"Ubaya wake?" Nimia aliuliza.

"Haipewi mjamzito wala anayenyonyesha. Ukishaimeza, usishike mimba kwa miezi sita au zaidi. Ugonjwa huu wakati mwingine hushika macho, na dawa hii inaweza kuuzidisha, kwa hiyo tutayapima macho yako kwanza. Na mara nyingi tezi hulala kabisa. Hapo utameza kidonge cha homoni kila siku, maisha yako yote."

"Kwa hiyo kila njia ina ubaya wake!"

"Ndiyo. Na kukaa bila tiba ni kubaya kuliko zote. Chagua wewe. Mwili ni wako."

Walibishana njia nzima ya kurudi. Eligio alitaka vidonge. Nimia alisema, "Vidonge nimevijaribu, nikaviacha. Najijua. Nataka kuumaliza ugonjwa huu." Wiki iliyofuata alipimwa mimba, hana. Alipimwa macho, yako salama. Hospitali wakamwambia lini asimamishe vidonge vya tezi, na akameza dawa ile.

Alirudi na masharti. Kwa siku alizopangiwa, alale peke yake. Asimkumbatie mtoto wake, wala asikae karibu na mjamzito. Awe na sahani na kikombe chake. Choo akimwagie maji mengi. Tulimtandikia chumba cha nyuma. Mjukuu wangu alikuwa anasimama mbali uani na kumpungia mkono.

Siku ya pili, Obdulia alifika na terere yake, chai yetu ya majani inayonywewa baridi. Alikuwa ameponda mnanaa, ameweka barafu kwenye jagi. Aliijaza pembe ya ng'ombe tunayonywea, akampelekea Nimia kabla yetu sote. Hiyo ni heshima. Kwetu pembe ni moja na mrija ni mmoja, watu wote wanapokezana.

"Siwezi, mama," Nimia alisema. "Rudisha mkono wako."

"Huwezi? Nimetia sumu?"

"Daktari amekataza nisishiriki mrija."

"Daktari! Nimekunywa na watu waliokaribia kufa, nimekunywa na wagonjwa wa kifua, leo wewe unaniona mchafu?"

"Si wewe uliye mchafu! Ni mate yangu yana dawa!"

"Miaka yote sijawahi kukataliwa pembe, na leo kwa mwanangu mwenyewe!"

"Mama, keti!" Eligio alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akimtolea mama yake. "Anakukinga wewe. Anatukinga sote. Na vidonge vile, nani alimwambia aache? Alikaribia kufa barabarani!"

Uso wa Obdulia ulibadilika rangi. Alichukua jagi lake, akatoka bila kuaga. Mimi nikasema moyoni, udugu wetu umekwisha.

Jioni haijaingia, alirudi. Mkononi alikuwa na pembe nyingine na mrija wake. Aliviweka juu ya kiti, mbali na mlango wa Nimia, akarudi nyuma.

"Hii yako!" alisema, bado amenuna. "Kunywa peke yako kama askofu. Na mtoto atalala kwangu mpaka daktari aruhusu. Msibishane na mimi!"

Nimia alianza kucheka. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Miezi ikapita. Moyo ulitulia. Mikono ikatulia. Kisha akaanza kuwa mzito, anasikia baridi, anasinzia mchana.

"Sasa nimekuwa gogo!" alilalamika.

"Tulikuambia," daktari alisema. Akampima damu. Tezi imelala. Akampa kidonge cha homoni, akimeze kwa maji kila asubuhi kabla ya kula. Walirekebisha kiasi cha dawa kidogo kidogo mpaka damu ikawa sawa. Hajaacha kukimeza mpaka leo.

Juzi nilikwenda naye njia panda. Mwenzake Selva, muuza chipa kama yeye, alikuwa anajipepea kwa jani la mgomba.

"Una nini?" Nimia aliuliza.

"Tezi tu. Ilishapona. Vidonge nimeviacha, najisikia mzima."

Nimia aliteremsha kikapu chake.

"Umeacha? Nani kakuruhusu? Unataka kufia hapa barabarani, abiria wakuruke?"

"Mbona unanifokea?"

"Kwa sababu hakuna mwingine anayekufokea! Inuka. Twende kwa daktari Wilma."

"Sasa? Na kikapu changu?"

"Mama atashika!"

Basi lilikuwa limefika, na dereva ameshafungua mlango. Nilibaki na vikapu viwili. Nilisikia sauti ya Nimia mpaka walipokata kona ya kituo cha afya. Alikuwa amekasirika kwelikweli. Alimshika Selva mkono, na mkono wa binti yangu haukutetemeka.