Mafuta Gani?

Pikipiki ilikuwa imekwisha pita nyumba za mwisho za Makorora, mjini Tanga, na Bi Chiku alikuwa bado anajifunza kukaa. Alikaa upande, miguu yote miwili kushoto. Mkono mmoja ulishika koti la mumewe. Mkono wa pili ulikumbatia kikapu mapajani.

"Baba Mboni," alisema karibu na sikio la mumewe, "hili gari lako linanitetemesha hata meno."

"Si gari, Mama Mboni. Ni pikipiki."

"Linatetemesha hivyo hivyo."

Uweso alicheka. Alikuwa fundi seremala, mtu wa miaka hamsini hivi. Miaka yote alipanda baiskeli. Pikipiki hii aliinunua miezi minne iliyopita kwa msimamizi mmoja wa shamba la mkonge huko Mwera, aliyekuwa akirudi kwao. Ilitengenezwa kabla ya vita. Rangi ilikuwa imechubuka, lakini mashine ilikuwa nzima. Mwaka huo ulikuwa 1954, mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe.

Safari hii haikupangwa. Jana yake mchana barua ilifika kutoka Lushoto. Iliandikwa na mkwe wao, Idarusi, kijana wa Tanga aliyekwenda kufanya kazi ya ukarani huko milimani. Barua ilikuwa fupi.

"Mama, Mboni ameambiwa na mkunga asitoke kitandani. Siku zake zimekaribia. Hawezi tena kuja Tanga kujifungua kwenu kama ilivyo desturi. Kila siku ananiuliza, mama atakuja lini. Njoo upesi."

Mboni alikuwa mtoto wao wa pekee. Mimba hii ilikuwa ya kwanza. Bi Chiku aliomba asomewe barua mara mbili. Kisha akauliza gari la moshi linaondoka lini. Lilikuwa limeondoka asubuhi ile, na jingine lilikuwa la kesho kutwa.

"Kesho kutwa ni mbali," alisema. "Mimi nataka mwanangu anione kabla hajashikwa na uchungu. Siyo baadaye."

"Basi nitakupeleka mimi," alisema Uweso.

Jioni ile aliiandaa pikipiki. Alikumbuka maneno ya yule msimamizi: kabla ya safari ndefu, tia mafuta kwenye nyaya zote. Uweso alitafuta kopo lake la oili. Lilikuwa tupu. Maduka yalikuwa yamefungwa. Lakini juu ya rafu palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Mkewe aliyapika mwenyewe, ya kumkanda mjukuu.

"Mafuta ni mafuta," Uweso alijisemea. Alichota kikombe kimoja cha kahawa. Akatia kwenye waya wa mwendo, ule unaotoka kwenye mpini wa kulia hadi kwenye mashine. Akatia kwenye waya wa klachi, ile inayotenganisha mashine na gurudumu. Yaliyobaki akayamwaga kwenye mnyororo.

Alfajiri, alipoiwasha, mpini ulikuwa mzito kidogo. Aliuzungusha, akauachia, nao ukarudi polepole. Uweso aliona ni baridi tu. Jua lilipotoka mpini ukawa mwepesi, naye akasahau.

Walipofika Muheza alisimama ili mashine ipoe. Hilo alilijua. Bi Chiku akafungua kikapu kutazama vitu vyake.

"Chupa imepungua," alisema.

"Nimechota kidogo."

"Umechotea nini?"

"Pikipiki."

Bi Chiku alimtazama. "Nimekuna nazi ishirini kwa ajili ya mjukuu wangu. Wewe umeipaka pikipiki."

"Nayo ni kama mtoto wangu."

"Basi leo jioni ikupikie."

Wakapanda tena. Walipita Korogwe, wakala mihogo ya kuchoma kando ya barabara. Alasiri walifika Mombo, chini ya milima. Uweso alitia petroli, akaanza kupanda.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina kona nyingi. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde, na mto unasikika huko chini. Kila kona hewa ilizidi kuwa baridi. Walipopita Soni, ukungu uliwafunika. Bi Chiku alijifunga kanga ya pili kichwani.

Ndipo mpini ulipokataa.

Uweso alikuwa ameuvuta apate nguvu ya kupanda. Mbele palikuwa na kona kali. Aliuachia mpini ili apunguze mwendo. Mpini haukurudi. Pikipiki iliendelea kuvuta. Alivuta klachi, nayo ilikuwa nzito kama iliyojaa udongo. Ilipoachia, mashine ilinguruma kwa kelele ya kutisha. Alikanyaga breki. Bonde lilikuwa kushoto, mahali miguu ya Bi Chiku ilipokuwa.

"Zima, Baba Mboni," alisema Bi Chiku. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesema taa izimwe.

Uweso akakumbuka kitufe cha kuzima mashine. Akakibonyeza. Mashine ikanyamaza. Akaelekeza gurudumu kulia, upande wa mlima, wakaanguka taratibu kwenye majani.

Bi Chiku aliinuka kwanza. Alishika goti la mumewe, akaona limechubuka tu. Akaokota kikapu chake.

"Toka hapa hadi Lushoto ni maili ngapi?" aliuliza.

"Sijui. Nane. Tisa."

"Nitatembea."

"Mama Mboni, jua linakwenda."

"Ndiyo sababu nataka kuondoka sasa."

Alikuwa amekwisha piga hatua kumi, mtu alipotokea kwenye kona akiwa na spana mkononi. Alikuwa kijana mrefu, amevaa sweta lililotoboka viwiko. Jina lake Fanueli, Mshambaa wa Vuga. Alikuwa fundi wa mitambo katika kambi ya watengeneza barabara, hapo jirani.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Nimesikia mashine inalia, nikajua mtu yuko mashakani. Mmeumia?"

"Marahaba. Hatukuumia," alisema Uweso. "Mpini umekwama."

Fanueli alisimamisha pikipiki. Akazungusha mpini, akauachia. Haukurudi.

"Mzee, waya huu ulitiwa mafuta?"

"Ulitiwa. Jana jioni. Tena mengi."

"Mafuta gani?"

"Mafuta."

"Mafuta ya taa ni mafuta. Ya samaki ni mafuta. Petroli nayo tunaiita mafuta. Nauliza, mafuta gani?"

Uweso alimtazama mkewe. Bi Chiku alirudi zile hatua kumi. Alitia mkono ndani ya kikapu, akatoa chupa. Haikuvunjika, maana ilikuwa imeviringishwa ndani ya kanga. Akaipindua juu chini. Hakuna kilichotembea. Mafuta yalikuwa meupe, magumu kama chokaa.

"Haya," alisema.

Fanueli alijaribu kujizuia. Alishindwa, akacheka mpaka akaketi.

"Watani zangu, watu wa pwani," alisema. "Nazi mmetia kwenye wali. Mmetia kwenye samaki. Mmetia kwenye mchicha. Sasa mmefika kwenye pikipiki."

Hata Bi Chiku alicheka. Uweso alikuwa wa mwisho kucheka, lakini naye alicheka.

"Kwetu nayo huganda asubuhi za kipupwe," alisema Uweso. "Lakini jua likitoka yanayeyuka."

"Huku jua likitoka hayayeyuki, mzee. Sasa fikiri. Waya unapita ndani ya bomba jembamba. Mafuta yakiganda humo, waya unashikwa. Ukivuta kwa nguvu utakwenda, kwa kuwa una mkono. Lakini kurudi unarudishwa na springi ndogo tu. Springi haina nguvu ya kushinda mafuta yaliyoganda."

"Nataka kwenda kwa mwanangu," alisema Bi Chiku. "Anakaribia kujifungua. Nieleze kwa ufupi. Inatengenezeka, au nitembee?"

Fanueli aliacha kucheka. "Nipe muda wa kupika wali, mama. Ukitembea utafika usiku. Ukiningoja utafika kabla ya magharibi."

Bi Chiku alitazama barabara. Kisha akaketi juu ya jiwe, kikapu mapajani.

Fanueli alikimbia kambini, akarudi na mafuta ya taa, kopo la oili, kitambaa na kipande cha gazeti. Lakini hakuanza kazi. Alimpa Uweso spana.

"Fungua wewe, mzee. Mimi nitasema. Ukifanya kwa mkono wako hutasahau."

Uweso alichomoa waya pamoja na bomba lake. Fanueli akaviringisha gazeti, likawa kama pembe ndogo. Akalifunga kwa uzi kwenye mdomo wa bomba. Akaninginiza waya kwenye tawi.

"Mimina mafuta ya taa hapo juu. Huku unavuta waya juu na chini."

Uweso alimimina. Chini yalitoka matone meupe, mazito. Aliendelea kumimina mpaka matone yakatoka safi.

"Sasa acha yachuruzike. Ya taa yanasafisha tu. Ukiyaacha peke yake waya utakauka na kupata kutu. Baada yake, tia oili ya injini. Kidogo kidogo, mpaka itokee huko chini."

"Kumbe kila mafuta yana kazi yake," alisema Uweso.

"Wewe ni seremala, sivyo? Nimeona mikono yako. Gundi na vanishi vyote vinapakwa kwenye mbao. Je, utapaka vanishi ili kuunga mguu wa kiti?"

"Nitachekwa na mji mzima."

"Basi."

Waya wa klachi ukafanywa vivyo hivyo. Kisha Fanueli alipitisha kidole kwenye mnyororo. Kilitoka na matope mazito ya vumbi na nazi.

"Hii ni kama msasa. Inakula mnyororo. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, halafu tia oili. Na usiukaze sana. Sukuma katikati kwa kidole. Uinuke na kushuka kiasi cha upana wa kidole gumba. Zungusha gurudumu, upime mahali pengine tena, maana mnyororo wa zamani haulegei sawa."

Uweso alipima. Ulikuwa sawa.

"Jambo la mwisho ndilo kubwa," alisema Fanueli. "Kila asubuhi, kabla hujawasha, zungusha mpini, uuachie. Ni lazima urudi wenyewe, upige tak. Geuza usukani kushoto, ujaribu. Geuza kulia, ujaribu. Usiposikia tak, usiondoke."

"Leo alfajiri ulirudi polepole," alisema Uweso kwa sauti ndogo. "Niliona."

"Ulikuambia, mzee. Ila hukuijua lugha yake."

Uweso alirudisha nyaya mahali pake. Akazungusha mpini, akauachia. *Tak.* Aligeuza usukani kushoto. *Tak.* Kulia. *Tak.*

Bi Chiku aliinuka kutoka kwenye jiwe. "Hata mimi nimesikia," alisema.

Fanueli aliwapa oili ndani ya chupa ndogo. Bi Chiku alimpa maandazi manne yaliyokuwa ya Mboni.

"Yana nazi?" aliuliza Fanueli.

"Yana nazi, mwanangu. Tia tumboni, usitie kwenye mtambo."

Walifika Lushoto kabla ya magharibi. Mboni alikuwa amelala ubavu, uso umevimba kidogo. Alisikia ngurumo uani, akadhani ni lori la kuni. Kisha akasikia sauti ya mama yake ikimwambia mtu ashike kikapu vizuri.

"Mama, umekuja na nini?"

"Na pikipiki ya baba yako. Usiniulize zaidi. Sogea nikae."

Mboni alisogea. Aliweka kichwa mapajani mwa mama yake, mahali pale pale kikapu kilipokaa siku nzima.

Uchungu ulimshika kesho yake asubuhi. Adhuhuri mtoto alizaliwa, mvulana, akilia vizuri. Bi Chiku aliiweka chupa karibu na jiko. Mafuta yakaanza kulegea pembeni, kisha katikati. Alimimina kiganjani, akasugua mikono yake miwili mpaka ikawa na joto, ndipo akamgusa mtoto.

Uweso alitazama kutoka mlangoni.

"Yametosha?" aliuliza.

"Yametosha. Lakini ungechota kikombe cha pili ningekuacha Soni."

Waliporudi Makorora, Uweso alitafuta makopo matatu yenye vifuniko. Aliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: OILI. MAFUTA YA TAA. MAFUTA YA NAZI. Bi Chiku alikuwa ameanza kwenda kisomo cha watu wazima. Alisimama mbele ya rafu, akafuata herufi kwa kidole.

"O-i-li," alisoma. Akaenda kwenye kopo la tatu, akasoma polepole mpaka mwisho. Kisha akamwambia mumewe, "Ongeza hapa: YA MTOTO."

Akaongeza.

Tangu siku ile Uweso alitenga Jumamosi asubuhi kwa ajili ya pikipiki. Alipima oili pikipiki ikiwa imesimama wima. Alifuta mnyororo. Alijaza upepo zaidi kwenye gurudumu la nyuma kila alipombeba mkewe. Alikaza nati zote, kwa kuwa mashine ya zamani hutikisika na kuzilegeza. Na kila alfajiri majirani walisikia tak, tak, tak, kabla ya ngurumo. Mwaka uliofuata walikwenda hadi Mkwaja kwa dada yake Bi Chiku, njia ya mchanga mtupu, wakarudi bila kusukuma hata hatua moja.

Mtoto aliitwa Safari. Mboni alizaa wengine wawili baada yake, wote Tanga, nyumbani kwa mama yake. Idarusi alihamishiwa Korogwe. Fanueli aliacha kazi ya barabara, akafungua karakana yake Mombo. Uweso aliiendesha pikipiki ile miaka mitano zaidi, kisha akamwuzia mwalimu mmoja wa Pangani, pamoja na lile kopo la oili. Bi Chiku alimaliza kisomo akapata cheti. Makopo mawili yaliyobaki bado yako kwenye rafu.