Niliionea Haya Omena Yetu Mbele ya Wanunuzi

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wanne, na omena, hao dagaa wa ziwani hapa Sio Port, ndiyo imewasomesha wote. Sokoni huwa sikosi maneno. Ndiyo maana mkasa huu unanichoma hadi leo, wasomaji wenzangu...

Kikundi chetu kina akina mama kumi na wanane. Hatuaniki omena mchangani kama wengi. Tunaianika juu ya nyavu zilizotundikwa, kazi ya kuvunja mgongo! Kwa miaka mingi tulitafuta mnunuzi wa kuthamini jasho hilo. Hatimaye kampuni moja ikatuita hotelini, Busia mjini, tuieleze kwa nini inunue kwetu. Vikundi viwili, mkataba mmoja! Kile kingine kilitoka Osieko. Wenzangu wakanichagua nikawasemee.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwendea shemeji yangu Wycliffe, mwalimu wa kompyuta. Akanitengenezea slaidi thelathini, zote za Kiingereza, zimejaa mishale na miduara. Nilizikariri wiki nzima, hata ugali ukaungua!

Asubuhi ya safari, Mama Nekesa, mkubwa wetu kwa umri, aliniletea ndoo ya omena safi. Wycliffe, aliyekuja kuniletea kompyuta, akakunja pua.

"Shem, hao ni watu wa suti. Ukiingia na hiyo harufu umeisha."

Nami, mjinga mimi, nikaiacha! Nilikionea haya kitu kinachonilisha. Jamani, hiyo si laana?

Hotelini nilisoma slaidi ukutani, nikiwapa wageni mgongo. Nilitamka maneno ambayo mimi mwenyewe siyaelewi. Kufikia slaidi ya tisa, mmoja wao alikuwa akipiga miayo waziwazi. Kisha mama aliyewaongoza akainua mkono.

"Madam, pole kukukatiza. Sasa hiyo omena yenyewe iko wapi?"

Nikamjibu iko kwenye slaidi ya ishirini na mbili... Walicheka, tena bila ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

Dada wa Osieko hakuwa na kompyuta. Aliweka ungo mezani, akachota omena, akaisugua viganjani juu ya karatasi nyeupe, kama tunavyofanya sote sokoni kupima mchanga. Punje chache za mchanga zikadondoka.

"Onjeni, mabosi wangu," akasema.

Wakaonja! Dakika tano tu, akapewa mkataba. Yetu isingedondosha hata punje moja, nawaapia! Lakini nani angejua? Habari ya nyavu sikuitaja hata mara moja. Wycliffe alisema ni jambo dogo mno kwa slaidi. Na mpaka leo anadai wale wageni ndio hawakusoma vya kutosha!

Niliporudi, wenzangu walikuwa wameninunulia soda. Mama Nekesa aliuliza neno moja tu: "Walionja?"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliwaambia ukweli wote. Hakuna aliyenitukana. Waliinuka mmoja mmoja wakaenda kugeuza omena, ya kuuzia madalali wale wale wanaotukandamiza.

Ndugu zangu, ukiitwa kuzungumza na wanunuzi, jiulize kwanza wanataka kujua nini. Beba bidhaa yako. Watazame usoni, useme kwa maneno yako unayoyaelewa. Majuto ni mjukuu! Nawasihi, usiwaponze wanaokutegemea kwa tamaa ya kuonekana msomi. Mimi niliwaponza kina mama kumi na saba, na kila asubuhi lazima nianike omena pamoja nao.